Mizani ya Molekuli: Njia za Kuionisha Molekuli Ndogo na Polima, na Maana Yake kwa Afya ya Watu wa Ziwa

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, mhudumu wa afya anatarajiwa kueleza kwa nini molekuli haiwezi kupimwa na spektrometa ya tungamo mpaka ipewe chaji ya umeme. Kutofautisha njia kuu za kuionisha sampuli. Kuchukua na kusafirisha sampuli bila kuiharibu. Na kumfafanulia mgonjwa maana na mipaka ya majibu ya maabara. Msomaji asiye mhudumu wa afya anaweza kuanzia utangulizi, kisha kwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya sita.

1. Utangulizi

Katika kisiwa cha Rukuba, kama ilivyo katika visiwa na mialo mingine ya Ziwa Viktoria mkoani Mara, ziwa ni kisima, ni shamba na ni njia. Humo hutoka maji ya kupikia, dagaa wa kuanikwa, sato na sangara wa kuuzwa Musoma na kwingineko. Kwa hiyo maji yageukapo rangi ya kijani ufukweni, au samaki waonekanapo wakielea bila sababu inayojulikana, swali linalofikishwa zahanati si la kitaalamu tu. Ni swali la chakula cha siku hiyo: je, maji haya yakichemshwa yanafaa kunywewa? Je, samaki huyu aliwe au atupwe?

Maswali hayo hayajibiwi kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi. Maji maangavu yaweza kubeba sumu iliyoyeyuka, na maji ya kijani huenda yasiwe na sumu hata kidogo, kwa sababu si kila kiumbe kinachoyapa maji rangi hiyo huzalisha sumu. Jibu la uhakika hutokana na kutambua molekuli yenyewe, na chombo chenye uwezo mkubwa zaidi wa kufanya hivyo katika maabara za leo ni spektrometa ya tungamo.

2. Kwa nini molekuli ipewe chaji?

Spektrometa ya tungamo ni mizani ya molekuli, lakini haifanani na mizani ya dukani. Molekuli haiwekwi juu ya sahani. Husukumwa ndani ya ombwe kwa nguvu za umeme au za sumaku, na uzito wake hukadiriwa kutokana na jinsi inavyokwenda. Molekuli isiyo na chaji haisikii nguvu hizo. Hupita kana kwamba mizani haipo. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya kila kipimo ni uionishaji, yaani kuigeuza molekuli kuwa ioni kwa kuiondolea elektroni, au kwa kuipachika protoni au ioni nyingine ndogo kama ya sodiamu.

Kila spektrometa ina sehemu tatu: chanzo cha ioni, kichambuzi kinachozitenga ioni, na kipokezi kinachozihesabu. Matokeo huchorwa kama mfululizo wa vilele, ambao huitwa spektra. Kinachosomwa chini ya kila kilele si tungamo pekee bali ni tungamo ikigawanywa kwa idadi ya chaji. Ioni yenye daltoni 1,000 na chaji moja huonekana penye 1,000. Ikiwa na chaji mbili huonekana penye 500. Daltoni moja ni karibu sawa na tungamo ya atomi moja ya haidrojeni. Molekuli ya maji ina daltoni 18.

Misingi ya elimu hii iliwekwa Cambridge, Uingereza. Mnamo 1912 na 1913 J. J. Thomson alionyesha kuwa gesi ya neoni ina atomi za tungamo mbili tofauti, 20 na 22. Mwanafunzi wake Francis Aston alijenga chombo bora zaidi mwaka 1919, akatunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 1922. Kwa miongo mingi iliyofuata, chombo hicho kilihudumia zaidi gesi na vitu vinavyogeuka mvuke kwa urahisi. Ugumu haukuwa katika kupima. Ulikuwa katika kuionisha molekuli kubwa na dhaifu bila kuivunja.

3. Molekuli ndogo

3.1 Kupiga kwa elektroni: sumu za wadudu katika samaki

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki kutoka Ziwa Viktoria kwa hofu kwamba baadhi yao walivuliwa kwa sumu za kuulia wadudu. Uamuzi huo uligusa nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa, na pigo lake lilifika mpaka kwa mvuvi ambaye hakuwahi kumwaga tone la sumu majini. Ili biashara irejee, kauli peke yake haikutosha. Ilihitajika maabara yenye uwezo wa kuonyesha kwamba mnofu wa samaki hauna masalia ya sumu. Mwanza, eneo la Nyegezi, ipo Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Samaki.

Sumu za aina hii, mathalani endosalfani, ni molekuli ndogo zinazogeuka mvuke zikipashwa joto. Kwanza hutenganishwa kwa kromatografia ya gesi, kisha mvuke wake hupigwa na mkondo wa elektroni zenye nishati ya elektronivolti 70. Molekuli nyingi za kikaboni huhitaji takribani 10 tu ili zipoteze elektroni moja. Nishati inayobaki huzivunjavunja.

Kuvunjika huko si hasara. Vipande hutokea kwa namna ileile kila mara, kama chungu kinachopasuka daima kwenye mishono yake, hivyo spektra huwa alama ya kidole ya molekuli. Kompyuta hulinganisha alama hiyo na maktaba ya alama zinazojulikana. Kwa endosalfani upo ushahidi wa ziada: ina atomi sita za klorini, na klorini ya asili ina isotopu mbili, 35 na 37, kwa uwiano wa takribani tatu kwa moja. Vilele vyake kwa hiyo huja kwa makundi yenye nafasi ya mbilimbili, na mchambuzi mwenye uzoefu hutambua klorini kabla hata ya kufungua maktaba.

Udhaifu wa njia hii ni miwili. Haiwezi kupima kitu kisichogeuka mvuke au kinachoharibiwa na joto. Na wakati mwingine huvunja kiasi kwamba kilele cha molekuli nzima hakionekani. Kwa tatizo hilo la pili, mwaka 1966 Munson na Field walieleza njia ya upole zaidi, uionishaji wa kikemia. Humo elektroni huipiga kwanza gesi kama methani, na ioni za gesi hiyo ndizo zinazoipa sampuli protoni.

3.2 Mnyunyizo wa umeme: sumu ya maji ya kijani

Rangi ya kijani inayotanda ufukweni wakati wa utulivu wa upepo mara nyingi hutokana na sayanobakteria, viumbe wadogo wanaostawi kwa mwanga, joto na mbolea nyingi majini. Baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ghuba ya Mwanza yaliyothibitisha kuwa sumu hiyo huzalishwa katika maji ya Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, na tafiti za Uganda na Kenya zimeikuta pia katika ghuba za nchi hizo.

Hatari yake ilidhihirika Brazili mwaka 1996, katika mji wa Caruaru. Kituo cha kusafishia damu za wagonjwa wa figo kilitumia maji ya bwawa yasiyotibiwa ipasavyo. Wagonjwa 116 kati ya 131 walipata kichefuchefu, kutapika, udhaifu na matatizo ya kuona. 100 walishindwa kufanya kazi kwa ini, na vifo 52 vilihusishwa na tukio hilo. Kwa kila hospitali ya kanda ya ziwa inayosafisha damu kwa mashine, kisa hiki ni somo lisilohitaji kurudiwa.

Maikrosistini ni pete ya asidi amino saba. Haigeuki mvuke, ikipashwa joto kali huharibika kabla ya kupaa. Njia ya kuipima ni mnyunyizo wa umeme, uitwao pia elektrosprei. Kimiminika chenye sampuli hupitishwa katika sindano nyembamba yenye volti elfu kadhaa. Hutoka kama ukungu wa matone yenye chaji. Gesi kavu huyakausha. Kila tone linavyopungua, chaji zake hubanana na kusukumana mpaka tone lipasuke kuwa matone madogo zaidi. Mwishowe hubaki molekuli nzima iliyobeba protoni, ikielea peke yake. Wazo hili lilijaribiwa na Malcolm Dole mwaka 1968, na katika miaka ya 1980 John Fenn na wenzake walilifanya kuwa chombo cha kazi, jambo lililompatia Fenn sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2002.

Aina ya maikrosistini inayojulikana zaidi, LR, huonekana penye 995.6, yaani molekuli nzima pamoja na protoni moja. Aina ya RR ni nzito zaidi, karibu daltoni 1,038, lakini huonekana penye 519.8. Sababu ni kwamba ina ajinini mbili, na kila moja hukamata protoni yake. Tungamo hugawanywa kwa mbili. Asiyekumbuka kanuni ya chaji angedhani ameona sumu nyepesi.

Kwa kuwa njia hii haivunji, huongezwa hatua ya pili. Ioni ya 995.6 hutengwa, hugonganishwa na gesi, na vipande vyake hupimwa. Kipande cha 135, kitokacho kwenye asidi amino ya pekee ya jamii hii ya sumu, huthibitisha utambulisho. Hivyo mchambuzi hutazama mtu na kitambulisho chake kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 ya maikrosistini LR kwa lita kuwa kiwango cha mwongozo kwa maji yanayonywewa maisha yote. Ukubwa huo unaeleweka hivi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, gramu 5 hivi, kikiyeyushwa sawasawa katika lita milioni 5 za maji. Mnyunyizo wa umeme hufika hata chini ya hapo. Lakini una adui wake: chumvi na uchafu mwingine hugombea chaji na kuizima sauti ya sumu inayotafutwa. Kwa hiyo maabara makini huongeza katika kila sampuli kiasi kinachojulikana cha kitu cha kulinganishia, ili upotevu huo uonekane na usahihishwe.

Molekuli zisizopenda maji sana, kama baadhi ya homoni na vitamini zinazoyeyuka katika mafuta, hazipati chaji vizuri katika mnyunyizo. Hizo hupimwa kwa uionishaji wa kikemia katika kanieneo ya hewa: sampuli hugeuzwa mvuke kwa joto, na cheche ya umeme hutengeneza ioni za hewa na mvuke ambazo huipa sampuli protoni.

4. Polima: nyavu, mifuko na dawa

Polima ni mnyororo wa vipande vinavyojirudia. Nailoni ya wavu, polithini ya mfuko, na makrogoli inayotumika katika dawa za kulainisha choo zote ni polima. Tofauti na sumu zilizotajwa, polima haina uzito mmoja. Ni kama mavuno ya sato katika wavu mmoja: wote ni sato, lakini wakubwa kwa wadogo. Kinachotafutwa ni urefu wa wastani wa minyororo na mtawanyiko wake.

Njia inayofaa hapa ni uionishaji kwa leza na matriksi, maarufu kwa kifupi cha MALDI. Sampuli huchanganywa na kemikali inayofyonza mwanga wa leza, kisha huachwa ikauke kuwa fuwele. Leza ipigapo, matriksi hupokea pigo, hulipuka kuwa mvuke, na kuibeba molekuli kubwa ikiwa nzima. Jina la njia hii lilitolewa na Wajerumani Michael Karas na Franz Hillenkamp katika miaka ya 1980. Mjapani Koichi Tanaka, aliyezionisha protini kubwa kwa leza, alishiriki Nobeli ya 2002. Ioni hurushwa katika bomba refu, nyepesi hutangulia na nzito hufuata, na muda wa safari hutoa tungamo.

Makrogoli ikipimwa hivi huonyesha ngazi ya vilele: 921, 965, 1009, na kuendelea. Hatua ya kila ngazi ni 44, uzito wa kipande kimoja kinachojirudia. Na kila mnyororo umebeba ioni ya sodiamu yenye 23. Kwa nailoni 6 hatua ni 113. Upana wa hatua hutaja aina ya polima, na umbo la ngazi hutaja mtawanyiko wa minyororo. Ikiwa mtawanyiko ni mpana mno, minyororo mifupi huonekana mingi kuliko ilivyo, na mchambuzi lazima aizingatie kasoro hiyo.

Wahudumu wa hospitali hukutana na MALDI kwa sababu nyingine. Bakteria waliooteshwa maabara hutambuliwa kwa dakika chache kutokana na vilele vya protini zao, kazi iliyokuwa ikichukua siku nzima au zaidi.

Polithini, hata hivyo, haina mahali ambapo protoni au sodiamu inaweza kushika, hivyo MALDI haifui dafu. Suala hili si dogo kwa watu wa ziwa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Plastiki ndogo zilithibitishwa katika matumbo ya asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Polithini ilikuwa miongoni mwa zilizotambuliwa, na utambuzi ulifanywa kwa mwanga wa infraredi. Spektrometri ya tungamo huongeza jibu la swali jingine: ni kiasi gani kwa uzito? Sampuli huunguzwa pasipo oksijeni, mnyororo hukatika, na vipande hupimwa kwa kupigwa elektroni. Polistaireni hurudisha staireni yenye 104. Nailoni 6 hurudisha kaprolaktamu yenye 113. Polithini hurudisha msururu wa haidrokaboni za urefu mbalimbali. Njia hii hupima uzito wa plastiki, lakini huharibu chembe. Idadi na umbo lake vihesabiwe kabla.

Panapotafutwa metali, mathalani zebaki itumikayo na wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Mara, hutumika plazma ya agoni yenye nyuzi elfu kadhaa za joto. Hiyo huvunja kila molekuli hadi atomi. Hutaja jumla ya zebaki kwa usahihi mkubwa, ila peke yake haitofautishi zebaki ya kawaida na methili-zebaki ya ndani ya samaki.

5. Sampuli kutoka kisiwani hadi maabara

Mashine ya thamani kubwa haiwezi kuokoa sampuli iliyoharibika njiani. Sampuli itokayo kisiwani husafiri kwa mtumbwi au boti, kisha kwa gari, na kila hatua ina hatari yake. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

- Chupa iwe ya kioo cha rangi, safi. Maikrosistini hunata kwenye kuta za baadhi ya plastiki, na maabara itapata kidogo kuliko kilichokuwepo. Plastiki pia huachia kemikali za kulainishia, ambazo hujitokeza kama kilele cha 149 na kuvuruga upimaji wa sumu za wadudu. Kwa zebaki, maabara iulizwe kwanza itoe chupa iliyooshwa kwa asidi.
- Maji ya kijani yasichujwe ufukweni. Sehemu kubwa ya sumu huwa ndani ya seli. Kuchuja ni kuitupa.
- Sampuli ikingwe dhidi ya jua na ikae kwenye barafu hadi ifike.
- Chupa moja ijazwe maji safi ya maabara na isafiri pamoja na nyingine. Ikikutwa na sumu, kosa limo katika safari wala si ziwani.
- Lebo itaje mahali, tarehe, saa, kina, hali ya upepo na jina la aliyechukua. Panapohisiwa uhalifu, kila anayeipokea asaini, na shauri lipelekwe kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kufuata taratibu zake.

6. Anachopaswa kujua mgonjwa na familia yake

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na desturi hiyo isiachwe kamwe. Lakini kuchemsha hakuondoi maikrosistini. Joto hupasua seli na kuiachia sumu majini, na maji yanavyopungua sufuriani, sumu hubaki. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni kuchagua maji: ya bomba, ya kisima au ya mvua yakipatikana, yasipopatikana, yatekwe mbali na utando wa kijani, na chini ya uso wa maji. Hayo ndiyo yachemshwe. Watoto na mifugo wasiachwe kuogelea au kunywa penye utando.

Samaki atolewe matumbo na ini, kwa kuwa humo ndimo sumu nyingi hukusanyika. Samaki aliyekutwa akielea asiliwe wala kuuzwa.

Kwa mhudumu wa afya, kanuni ni moja: mgonjwa hutibiwa kwa dalili zake, hangojei spektra. Mate na jasho jingi, mboni zilizosinyaa na kupumua kwa shida baada ya kugusa au kula sumu ya wadudu ni dharura. Degedege pia ni dharura. Kuhara na kutapika baada ya kunywa maji ya kijani kuchunguzwe kama kipindupindu kwanza, kwa kuwa ndicho kinachoua kwa haraka na chenye tiba iliyo karibu. Majibu ya maabara yatakuja baadaye, nayo yatawalinda wale ambao hawajaugua.

Majibu hayo yasomwe kwa uangalifu. “Haikugundulika” si sawa na “haipo”. Maana yake ni kwamba, ikiwapo, iko chini ya kiwango ambacho njia iliyotumika inaweza kuona; na kama njia iliyochaguliwa haiwezi kuipa molekuli hiyo chaji, mashine haitaiona hata ikiwa tele. Kwa hiyo fomu ya maombi itaje kinachoshukiwa. Kuandika “pima sumu” ni kumtuma mtu sokoni bila kumwambia cha kununua.

7. Hitimisho

Hakuna njia moja ya uionishaji inayofaa kwa yote. Kinachogeuka mvuke hupigwa na elektroni. Kinachoyeyuka majini na kuharibiwa na joto hunyunyizwa kwa umeme. Mnyororo mrefu hurushwa kwa leza au hukatwa kwa moto. Metali huingizwa katika plazma. Uamuzi huo hufanywa maabara, lakini taarifa zinazouongoza hutoka kwa mhudumu wa zahanati ya kisiwani, aliyeyaona maji, aliyemsikiliza mgonjwa, na aliyejaza chupa kwa mikono yake. Akifanya sehemu yake vizuri, swali la mama aliyesimama ufukweni na ndoo yake hupata jibu la kweli.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini maikrosistini RR, iliyo nzito kuliko LR, huonekana penye namba ndogo zaidi?
2. Sampuli ya maji ya kijani imeletwa katika chupa ya soda ya plastiki, ikiwa imechujwa kwa kitambaa. Taja makosa mawili na athari ya kila moja.
3. Ni njia ipi ingefaa kupima uzito wa polithini katika matumbo ya sato, na kwa nini si MALDI?
4. Mgonjwa anasema, “Nilichemsha maji, kwa hiyo ni salama.” Ungemjibuje?